UNENE SI KIPIMO CHA AFYA YA MTOTO

Ni desturi katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba kumsifu mama ambaye mtoto wake amejaa mashavu. Sifa hiyo ina asili yake. Wazee wetu waliona watoto wengi wakidhoofika, na utapiamlo haujatutoka hata leo. Lakini jambo hili lina upande wa pili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watoto milioni 37 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa na uzito uliozidi, na katika Afrika idadi yao imepanda tangu mwaka 2000.

Mazoea ya kula huanza kujengwa katika mwaka wa kwanza. Mtoto anyonyaye ziwa la mama huacha mwenyewe akishashiba; anayelazimishwa kumaliza chupa hufundishwa kuidharau shibe yake. Kwa hiyo miezi sita ya mwanzo na iwe ya maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo aanzishiwe uji, boga, samaki na matunda yaliyopondwa, huku akiendelea kunyonya. Asitiliwe sukari wala asipewe soda. Akigeuza uso, asishurutishwe. Na aachwe atambae, asikalishwe kitini kutwa.

Hatusemi mtoto apunguziwe chakula; la hasha. Tunasema apewe kinachomfaa, kwa kadiri ya haja yake.

Hata hivyo, si haki kuwatwisha wazazi mzigo huu peke yao. Mama aliyeajiriwa hurudi kazini kabla mtoto wake hajatimiza miezi sita. Atanyonyesha vipi ikiwa hapo kazini hapana nafasi wala faragha? Aidha, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mwaka 1981 kanuni za kudhibiti matangazo ya maziwa ya kopo. Kanuni zisizofuatiliwa madukani hubaki maandishi tu.

Tunawaomba wakuu wa idara na makampuni watenge chumba na saa za kunyonyesha. Tunawaomba wahudumu wa kliniki wapime urefu pamoja na uzito, kwani uzito peke yake hauonyeshi kama mtoto amenenepa au amekua tu, kisha wamweleze mzazi maana ya vipimo hivyo kwa lugha nyepesi. Nao masheha wawakumbushe akina baba na mabibi, ambao kauli yao ndiyo mara nyingi huamua mtoto ale nini.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Malezi hayo yanaanza kwenye kijiko cha kwanza.