Heshima ya Kondoo Mzee

Kila unapoingia msimu wa baridi barani Ulaya hufufuka mabishano ya zamani baina ya wapishi wa Ayalandi, nayo ni kwamba, je, yajuzu kutia karoti katika ule mchuzi wao mashuhuri wa chungu kimoja, ambao tangu jadi ni wa nyama ya kondoo, viazi na vitunguu, au haijuzu? Wenye msimamo mkali hukitoa kitabu cha Bibi Isabella Beeton, kilichochapishwa London mwaka 1861, na kuonyesha kwamba mahitaji ya mchuzi huo yaliyotajwa humo ni kondoo, viazi, vitunguu, pilipili, chumvi na maji, basi. Wapinzani wao huwajibu kwa mapishi ya Ballymaloe, nyumba ya wageni ya marehemu Myrtle Allen katika jimbo la Cork, ambako karoti hutiwa bila ya haya na wageni hula wakashukuru. Hoja za pande zote mbili naziheshimu, walakini rai yangu ni kwamba mabingwa hawa wanashindania jambo dogo, ilhali jambo kubwa limekwisha kuwapita. Kilichotoweka katika chungu kile ni kondoo mwenyewe.

Katika milima ya Wicklow, Kerry na Connemara, ambako mvua na upepo wa bahari ya Atlantiki hupokezana mwaka mzima, kondoo hakufugwa kwanza kwa ajili ya nyama. Majike walizaa na kukamuliwa, na madume waliohasiwa walinyolewa sufu mwaka baada ya mwaka, hata faida yao ilipokwisha ndipo kisu kilipowafikia. Nyama ya mnyama wa namna hiyo ni nyekundu iliyoiva rangi, ina mafuta mengi na harufu nzito, na shingo yake imejaa kano zilizokazwa na miaka ya kupanda na kushuka majabali. Ukiichoma, meno hayaiwezi. Lakini ukiitia majini na kuiacha juu ya moto mdogo kwa muda wa saa mbili na nusu au tatu, zile kano huyeyuka zikawa uteute mwororo, na uteute huo ndio unaoupa mchuzi uzito na ladha ambayo kiungo chochote hakiwezi kuileta. Moto wenyewe ulikuwa wa taratibu pia, kwa kuwa kuni zilikuwa adimu na watu waliwasha udongo mweusi wa bwawani, uliokatwa vipande kama matofali na kukaushwa, ambao hauwaki kwa fujo bali hukaa na joto lake mchana kutwa chini ya chungu cha chuma kilichoning'inizwa kwa kulabu. Almuradi kila kitu katika mapishi haya, mnyama, moto na chungu, kilikubaliana na subira.

Insafu yatutaka tukumbuke kwamba mafukara wa nchi ile hata shingo hiyo hawakuipata. Kabla ya mwaka 1845 kibarua wa shamba aliweza kula ratili 12 za viazi au zaidi kwa siku moja, pamoja na mtindi, na nyama ikawa habari ya sikukuu. Kisha kikaja kile kimelea kinachofanana na ukungu, Phytophthora infestans, viazi vikaoza mashambani, na katika miaka iliyofuata hadi 1852 wakafa watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakapanda merikebu kwenda Marekani na kwingineko. Kwa watu waliopitia msiba huo, chungu chenye viazi na nyama pamoja kilikuwa neema kamili, na ndiyo sababu nauchukia mtindo wa siku hizi wa kukipamba kwa mvinyo na viungo vingi ili kionekane cha kitajiri.

Lakini si njaa hiyo iliyomwondoa kondoo mzee sokoni, bali mambo mengine kabisa. Mwaka 1882 merikebu iliyobeba nyama ya kondoo iliyogandishwa kutoka New Zealand iliwasili London, na biashara hiyo ikakua. Baadaye, katika karne ya ishirini, nyuzi za viwandani ziliivunja bei ya sufu, na mfugaji akawa hana sababu ya kumlisha dume aliyehasiwa kwa miaka mitatu au minne. Leo aghalabu humpeleka machinjioni kabla hajatimiza mwaka. Nyama ya mwana-kondoo ni laini na njema kwa kuchomwa, lakini ukiipika kwa saa tatu hulegea ikawa nyuzinyuzi kavu, na maji yake hubaki maji.

Anayetaka kuupata mchuzi wenyewe na atafute kilo moja na nusu ya shingo ya kondoo aliyepita miaka miwili, ikatwe pamoja na mifupa yake. Viazi kiasi hichohicho, nusu vya aina inayovunjika na nusu vya aina inayokaza. Na vitunguu maji vinne vikubwa. Viazi vinavyovunjika hukatwa vyembamba na kutandazwa chini, kwa kuwa kazi yao ni kupotea ndani ya mchuzi na kuuzidishia uzito. Juu yao nyama na vitunguu, chumvi na pilipili manga, na maji ya kufunika tu. Povu likienguliwa, chungu hufunikwa barabara na kuachwa kitokote kwa upole, na viazi vinavyokaza huwekwa juu vizimavizima katika saa ya mwisho. Nyama ikiachana na mfupa kwa kuguswa na kijiko, imeiva. Mafuta yaliyoelea huondolewa, na majani ya parsili hunyunyizwa wakati wa kupakua. Ukilala hadi kesho, mchuzi huu huzidi utamu.

Haya nasi yatuhusu kwa karibu. Huko Limuru, Kinangop, Njombe na Lushoto, ambako baridi ya Julai hupenya nguo, viazi ni riziki ya watu, na kimelea kilekile cha 1845, ambacho wakulima wetu hukijua kwa ugonjwa wa bakajani chelewa, kingali adui yao. Kondoo waliokomaa pia tunao. Basi mpishi wa nyanda hizo asihangaike na suala la karoti, atie akipenda. Ila amwambie mwenye bucha amkatie shingo ya kondoo mkubwa, wala asikubali kupewa paja la mwana-kondoo kwa kuambiwa kwamba ni laini zaidi.