Risala ya Waandishi wa Habari wa Kiswahili kuhusu Uhuru wa Habari Israel na Palestina

Mheshimiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa,
Waheshimiwa Mabalozi wa Baraza la Usalama,

Sisi waandishi na wahariri wa habari za kimataifa kwa Kiswahili tunawasilisha malalamiko haya kwa heshima na taadhima. Tumevumilia kwa muda mrefu, tukiamini kuwa uwezo wa kuyatatua mnao.

1. Tangu Oktoba 2023 Israel imewazuia waandishi wa kigeni kuingia Gaza kwa uhuru. Anayeruhusiwa huingia akiongozwa na jeshi. Chama cha waandishi hao wa kigeni kilikwenda Mahakama ya Juu ya Israel. Shauri la kwanza lilikataliwa Januari 2024, la pili likaahirishwa mara kwa mara. Kazi yote imewaelemea wenzetu Wapalestina, nao wameuawa kwa makumi na makumi. Tarehe 25 Agosti 2025, katika Hospitali ya Nasser mjini Khan Younis, shambulio la kwanza la Israel lilimuua Hussam al-Masri wa Reuters akirusha picha za moja kwa moja kutoka kwenye ngazi. Waokoaji na waandishi wengine walipokimbilia pale, likaja la pili. Waandishi watano walikufa hospitalini hapo. Tunaomba Gaza ifunguliwe kwa vyombo vyote vya habari, na azimio namba 2222 la mwaka 2015, mlilolipitisha wenyewe kuwalinda waandishi, litekelezwe.

2. Mwenzetu Shireen Abu Akleh, mwandishi wa Al Jazeera, aliuawa Jenin tarehe 11 Mei 2022 akiwa amevaa kizibao cha mwandishi wa habari. Jeshi la Israel lilikiri kuwa yawezekana sana alipigwa na askari wake kwa bahati mbaya. Hakuna aliyeshtakiwa. Tunaomba uchunguzi huru.

3. Mei 2024 Israel ilikifunga kituo cha Al Jazeera nchini mwake. Januari 2025 Mamlaka ya Palestina nayo ikakisimamisha. Hamas pia wamewatisha waandishi Gaza. Tunaomba wote wakemewe kwa kipimo kimoja.

4. Vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa Israel kusomea kilimo waliuawa katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023, na familia zao zilikaa wiki kadhaa bila uhakika. Tukiandika kuhusu hao, tunaitwa mawakala wa Israel. Tukiandika kuhusu watoto wa Gaza, tunaitwa wafuasi wa Hamas. Kwa hiyo tunaomba ofisi zenu zitoe mapema taarifa zilizothibitishwa, na kwa Kiswahili pia.

Waheshimiwa, tunaomba majibu kwa maandishi.

Tunaomba kuwasilisha.