Pole Pole Si ya Watalii Peke Yao

Katika maduka ya Mji Mkongwe wa Zanzibar fulana zenye maneno "pole pole" na "hakuna matata" hutundikwa mlangoni zikingoja wageni. Kiswahili kimepata sifa duniani kuwa ni lugha ya watu wasio na haraka. Sifa hiyo hatuioni kwa wazungumzaji wake hapa Buffalo. Mwanachama wetu wa kawaida husoma mchana, na usiku hufanya kazi ghalani au kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Siku isiyo na masomo humpeleka shangazi yake kliniki akamtafsirie kwa daktari. Jumapili ni ibada, au harusi, au msiba. Katikati ya yote hayo simu inalia kutoka Goma, Bujumbura au Mombasa, na anayepiga hapigi kwa kusalimia tu.

Kwa hiyo tunapendekeza chama kitenge siku moja kila muhula, ambayo kila mwanachama ataipitisha peke yake, bila kazi wala vitabu, kwenye kisiwa kilicho jirani na mtaa wa Black Rock. Safari yetu ya pamoja ya kwenda kuona maporomoko ya Niagara iendelee kama kawaida, na pilau ipikwe. Siku tunayoiomba ni ya ziada.

Wengi wetu tukitaja mapumziko ya peke yetu, tunafikiria visiwa vya Ugiriki: nyumba nyeupe, bahari ya buluu, kiti kimoja kivulini. Kimojawapo ni Hydra, ambako magari ya watu binafsi hayaruhusiwi na mizigo hubebwa na punda. Mtu wa Lamu akisikia hayo atacheka, maana kwao punda hubeba mizigo kila siku na hakuna anayelipa nauli ya ndege kwenda kuwatazama. Tukichunguza vizuri, kinachotamanika katika picha hizo si chokaa ya ukutani. Ni saa ambazo mtu hadaiwi na yeyote. Saa hizo zinapatikana hapa kwa nauli ya basi.

Kisiwa chenyewe ni Unity Island, katika mto Niagara. Upande mmoja kimetenganishwa na jiji kwa mfereji wa Black Rock, na upande wa pili, ng'ambo ya mto, ni Fort Erie, Kanada. Hadi mwaka 2015 kilikuwa na jina lililowatukana wanawake wa wenyeji wa asili wa Marekani, na kwa maombi ya wenyeji hao jiji likalibadilisha. Hatutakipamba. Sehemu yake ilikuwa jalala, na mtambo wa kusafisha maji taka ya jiji uko papo hapo, hivyo upepo ukigeuka utajua. Lakini kuna majani, miti, ndege wa majini wengi, na sauti ya mto.

Siku ya pale haihitaji ratiba. Unafika asubuhi na chupa ya chai na chapati mbili. Ukibahatika, unaona mashua ikiingia katika lango la mfereji, malango yanafungwa, maji yanainuliwa au kushushwa kama mita 1 na nusu, kisha mashua inaendelea na safari yake. Kazi hiyo haiharakishiki, na anayeitazama hujikuta naye ametulia. Juu ya kisiwa linapita daraja la reli lililofunguliwa mwaka 1873, na treni za mizigo huvuka humo taratibu kuelekea Kanada. Mchana unaweza kutembea juu ya ukuta mrefu wa mawe unaoanzia kusini mwa kisiwa, mfereji kushoto, mto kulia, ukapita chini ya daraja la Peace Bridge. Usiingie majini, kwani mkondo wa hapo una nguvu sana. Ukichoka, kaa. Ukisinzia, sinzia.

Jambo moja lazima lisemwe kuhusu ncha hiyo ya kusini, kwenye bustani ya Broderick. Kabla utumwa haujafutwa Marekani, watu waliotoroka kwa mabwana zao walivushwa mto kutoka maeneo haya kwenda Kanada. Waliofika hapa hawakuja kupunga upepo, na hawakuthubutu hata kuketi. Mtu wa leo anayekaa hapo saa tatu bila kuulizwa amekaa kwa ruhusa ya nani, ana jambo ambalo wengine walihatarisha maisha kulipata. Kwetu hii ni sababu ya kuithamini siku hiyo, wala isichukuliwe kuwa ni anasa.

Tunajua kuna pingamizi. La kwanza ni kwamba mambo haya ni ya Wazungu, kwetu mtu ni watu. Ni kweli mtu ni watu, na bila wenzetu wengi wetu tusingefika hapa. Lakini jamii zetu zimejua siku zote kwamba kuna wakati wa mtu kujitenga. Waislamu hukaa itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani. Wakristo huenda mafungo. Lugha nayo inashuhudia: upweke ni jambo moja, ukiwa ni jingine, na faragha ni jingine kabisa. Ukiwa humpata mtu asiyeutaka. Faragha huitafuta mwenyewe, na akitoka humo hurudi kwa watu wake akiwa na la kuwapa. Ajabu ni kwamba neno faragha siku hizi tunalikuta zaidi kwenye masharti ya programu za simu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanachama wa kike ndio wameliita kwa jina lake. Mwanamke akikaa peke yake bustanini huulizwa anamngoja nani. Kijana mweusi akikaa peke yake hutazamwa mara mbili. Hatuwezi kuyaondoa hayo kwa makala. Tunapendekeza wanachama waende wawili wawili: mmoja akae upande wa kaskazini, mwingine kusini, watumiane ujumbe wakifika, adhuhuri, na wakiondoka. Kati ya nyakati hizo, kila mmoja ajiachie.

La tatu ni fedha. Anayeacha zamu ya Jumamosi anapoteza ujira, na kuna watu nyumbani wanaoungojea. Kwa sababu hiyo siku isipangwe na kamati kwa tarehe moja. Kila mmoja achague yake, na chama kimlipie nauli kutoka mfuko wa safari. Walimu nao watusaidie kwa jambo moja dogo: wasimpe kazi ya kuandika kuhusu siku hiyo. Akitaka kuandika, jarida hili lipo. Asipotaka, siku yake imekamilika vilevile.

Tunaomba hoja hii iwekwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao na ipigiwe kura. Kama tunaweza kumfundisha mgeni darasani kusema "pole pole ndio mwendo", basi na sisi tupate siku moja ya kwenda mwendo huo.