Nepi ya Kitambaa ni Akiba, Ikifuliwa Vizuri

AFYA NYUMBANI



Mwezi huu tutazungumza juu ya nepi za watoto. Jambo hili huonekana dogo. Lakini linahusu mambo mawili makubwa: fedha za nyumba na uhai wa mtoto.

Tutazame maisha ya pembezoni mwa Dar es Salaam. Tuchukue Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, au Bunju upande wa Kinondoni. Wapo wazazi wengi huko wanaoishi kama sisi wa vijijini. Wanachota maji kisimani au wananunua kwa ndoo. Wanatumia choo cha shimo. Wanafua kwa mikono. Hata hivyo, mzazi wa namna hiyo anaweza kumlea mtoto wake katika usafi kwa kutumia vitambaa tu. Tuone jinsi ya kufanya.

TUPIGE HESABU

Mtoto mdogo hubadilishwa nepi mara 6 kwa siku, au zaidi. Mara 6 kwa siku 30 ni nepi 180 kwa mwezi. Kama unatumia pampasi, yaani nepi za dukani zinazotupwa, utanunua pampasi 180.

Uliza bei ya pampasi moja katika duka la karibu. Zidisha kwa 180. Andika jibu. Halafu andika bei ya sabuni ya mche na ya maji ya kufulia kwa mwezi mmoja. Linganisha majibu hayo mawili, ujionee mwenyewe.

Pampasi ina plastiki ndani yake. Haiozi kama ganda la ndizi. Ikitupwa mtaroni huziba njia ya maji. Wakazi wa Dar es Salaam wanajua madhara ya maji yasiyo na njia. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliua watu na kubomoa nyumba katika bonde la mto Msimbazi. Kila taka tunayotupa mtaroni huzidisha hatari ya namna hiyo.

KINYESI CHA MTOTO NI HATARI

Wapo wanaosema, "Choo cha mtoto mchanga hakina neno, maana ananyonya maziwa tu." Maneno hayo si kweli. Kinyesi cha mtoto kina vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima. Tena mtoto hutambaa chini, hushika kila kitu na kutia mkono mdomoni. Kuharisha humwishia mtoto maji mwilini upesi, na kunaweza kumwua.

Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni. Kikaingia Ilala na Temeke, kisha kikaenea katika mikoa mingine mingi ya Tanzania. Ugonjwa huo husafiri kwa njia ya kinyesi kinachoingia katika maji na chakula. Katika mitaa ya bondeni visima viko karibu na vyoo. Mvua zikinyesha, vyoo hufurika. Wengine hutapisha vyoo vyao makusudi ili mvua ichukue uchafu. Mtu akimwaga maji ya nepi mtaroni, naye anafanya jambo lile lile kwa kiasi kidogo. Maji hayo yatafika kwa jirani.

Kwa hiyo tukumbuke jambo moja kuliko yote: kinyesi cha mtoto kiende chooni, pamoja na maji ya kwanza ya kusuuzia nepi.

KUTENGENEZA NEPI

Kitambaa kizuri ni cha pamba. Hunyonya maji na huvumilia kuchemshwa. Kanga iliyochakaa inafaa sana, kwa sababu imekwisha kuwa laini.

Chukua upande mmoja wa kanga. Kata katikati upate vipande viwili. Kila kipande kikunje mara mbili, kisha ushone pembeni. Umepata nepi mbili. Doti moja itakupa nepi nne. Doti tatu zitakupa nepi 12. Ukifua kila siku, nepi 12 zinatosha kuanzia. Wakati wa mvua, zikichelewa kukauka, ni afadhali kuwa na 18 au zaidi.

Funga nepi kwa pini maalumu yenye kifuniko, au kwa utepe wa kitambaa. Usimfunge mtoto mfuko wa plastiki juu ya nepi. Plastiki hufungia joto na unyevu, na ngozi huungua. Pia mtoto akiuvuta mfuko usoni anaweza kukosa pumzi.

VITAMBAA VYA KUMPANGUSIA MTOTO

Madukani kuna vitambaa vyenye majimaji vya kumpangusia mtoto. Unaweza kutengeneza vyako nyumbani.

1. Chukua fulana kuukuu ya pamba. Ifue vizuri.
2. Kata vipande vya sentimeta 20 kwa 20. Kitambaa cha fulana hakifumuki nyuzi upesi, kwa hiyo si lazima kushona pindo.
3. Chemsha maji vikombe viwili. Yaache yapoe.
4. Tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta safi ya nazi. Mafuta husaidia kuondoa kinyesi kinachonata. Kwa mtoto mchanga sana, maji matupu yanatosha.
5. Weka vitambaa na maji hayo katika chombo safi chenye kifuniko.

Tengeneza asubuhi, tumia siku hiyo hiyo. Maji yaliyobaki jioni yamwage. Vya dukani vimetiwa dawa ya kuzuia kuoza, vyetu havina. Vikikaa siku mbili au tatu katika joto la pwani, huota vijidudu.

Usitie sabuni ya unga, dawa ya kuondoa madoa wala manukato. Vitu hivyo huchoma ngozi ya mtoto.

Unapompangusa mtoto, anzia mbele kwenda nyuma. Kwa mtoto wa kike jambo hili ni la lazima, ili kinyesi kisiingie katika njia ya mkojo. Pangusa mikunjo yote ya mapaja. Kisha mwache akauke kwa hewa kidogo kabla ya kumfunga nepi nyingine. Usimnyunyizie poda. Vumbi lake huingia kifuani.

KUFUA

1. Kung'uta kinyesi chooni. Suuza nepi, na maji hayo yamwage chooni.
2. Weka nepi chafu katika ndoo yenye kifuniko, mahali ambapo mtoto hafiki. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika ndoo. Usizilaze nepi zaidi ya siku moja.
3. Fua kwa sabuni ya mche katika beseni la nepi peke yake. Beseni hilo lisioshee vyombo wala mboga.
4. Suuza mpaka povu liishe. Sabuni ikibaki ndani ya nepi, mtoto huota vipele.
5. Chemsha nepi kwa dakika 10 mara moja kwa wiki. Mtoto akiharisha, chemsha kila siku.
6. Anika juani kwenye kamba.
7. Nawa mikono kwa sabuni. Nawa kila unapomaliza kubadilisha nepi, na kila unapomaliza kufua.

Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri katika maji hayo, na nepi huwa ngumu kama gunia. Ukiwa na maji ya chumvi, fulia hayo, lakini maji ya mwisho ya kusuuza yawe maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni mazuri sana kwa kazi hii.

Usianike nepi kwenye majani wala chini. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai yakianguliwa, funza huingia katika ngozi ya mtoto na kufanya jipu. Pasi ya moto huua mayai hayo. Wakati wa masika, jua likikosekana, piga pasi pande zote mbili na mishononi.

MTOTO AKIPATA VIPELE

Vipele vya nepi hutokana na unyevu. Badilisha nepi mara inapolowa, usingoje ijae. Mwache mtoto bila nepi kwa muda kila siku, juu ya kitambaa safi. Mpake mafuta ya nazi kidogo. Kama wekundu umeingia katika mikunjo, una vipele vidogo pembeni, au haukupungua kwa siku tatu, mpeleke zahanati. Huenda ni ukungu wa ngozi, ambao una dawa yake.

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, uliyochanganya kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Mpeleke zahanati, ambako hupewa pia vidonge vya zinki. Macho yakididimia, akishindwa kunyonya, au choo kikiwa na damu, nenda mara moja, hata kama ni usiku.

UKILAZIMIKA KUTUMIA PAMPASI

Safarini au hospitali, pampasi huweza kusaidia. Hata hivyo kinyesi kikung'utwe chooni kwanza. Pampasi yenyewe isitupwe chooni, maana itajaza shimo. Ifunge, uwape wazoa taka. Mahali pasipo na wazoa taka, ifukie katika shimo refu mbali na kisima.

KAZI HII NI YA WOTE

Mwaka 1973 taifa letu lilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Kisha walichimba vyoo na kusafisha maeneo yao. Wanaume kwa wanawake walishika majembe. Kwa nepi pia iwe hivyo. Mama aliyejifungua juzi hawezi kuchota maji, kufua, kupika na kunyonyesha peke yake. Baba anaweza kuteka maji na kuanika. Kaka na dada wakubwa wanaweza kupiga pasi. Mtoto ni wa nyumba nzima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini maji ya kwanza ya kusuuzia nepi yamwagwe chooni?
2. Katika kijiji chenu, choo kilicho karibu zaidi na kisima kiko umbali wa hatua ngapi?
3. Fedha ya pampasi 180 ingeweza kununua nini nyumbani kwako?
4. Nani anafua nepi nyumbani kwenu? Nani anaweza kumsaidia?