Kura Ikiisha, Tutakaa Namna Gani?



Katika gazeti letu hili tumezoea kuandika juu ya usafi wa kiwanja, mpira, na wale wanaochelewa asubuhi. Mara hii tunaandika juu ya politike. Tunajua wazazi wengi wanasema: "Politike ni ya wakubwa, weye soma tu." Lakini politike haikungojea tuwe wakubwa. Imekwisha kuingia katika madarasa yetu, na imeketi kwenye banki ya mbele.

Mnajua yaliyotokea tangu mwezi wa Oktoba, tulipochagua wakubwa wa madarasa. Katika darasa la sita orodha zilikuwa mbili. Kura zilihesabiwa na watu watatu ndani ya chumba, mlango umefungwa, kisha karatasi ndogo ikabandikwa ukutani: fulani ameshinda. Basi. Tangu siku ile upande mmoja unaitwa "Union Sacrée" na upande mwingine unaitwa "Lamuka", hata kama hakuna mmoja kati yetu mwenye karti ya chama. Walioshindwa hawaji tena kwenye timu ya mpira. Walioshinda wanashika vitabu vya kujizoeza Exetat, na mwenzao akiomba wanamjibu: "Kaulize kwa mukubwa wenu." Hata zamu ya kuchota maji imekuwa vita. Na Exetat inakaribia! Mwenye kusahihisha kule hatauliza ulikuwa wa orodha gani.

Wengine watasema hayo ni mambo ya watoto. Sisi tunaona sivyo. Watu wa Beni na Butembo wamekwisha kuona mambo makubwa yenye sura ile ile, na inafaa tuyakumbuke kwa utaratibu, maana wengi wetu tulikuwa bado primeri.

Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne mbele ya uchaguzi, tume ya uchaguzi CENI, iliyoongozwa na Corneille Nangaa, ilitangaza kwamba mji wa Beni, teritware ya Beni, mji wa Butembo, pamoja na Yumbi kule Mai-Ndombe, hawatapiga kura na wengine. Watangoje mwezi wa Machi 2019. Kwa upande wetu sababu zilikuwa mbili: Ebola na usalama. Lakini prezida mpya alikuwa aapishwe mwezi wa Januari. Kumwambia mutu apige kura ya prezida mwezi wa Machi, wakati prezida ameketi kitini tangu Januari, ni kumwalika kwa chakula wakati sahani zimekwisha kuoshwa. Na kweli, tarehe 31 Machi 2019 tulichagua wabunge tu.

Watu walikasirika, na hasira yao ilikuwa na msingi. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga na masasi, na hakuna aliyefunga inchi kwa sababu yao. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa, wanafunzi walikuwa wakisoma. Mwezi ule ule wa Desemba, Martin Fayulu alikuja kufanya kampeni kwetu na barabara zikajaa watu. Namna gani Ebola iruhusu mkutano wa kampeni na soko la kila siku, kisha ikataze kura peke yake?

Sasa chukueni kalamu mfanye hesabu. Watu walioandikishwa katika sehemu zile zilizoachwa walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Tarehe 10 Januari 2019 CENI ilitangaza: Félix Tshisekedi kura 7,051,013, Martin Fayulu kura 6,366,732. Toeni: tofauti ni 684,281. Walioachwa inje walikuwa wengi kuliko tofauti ya wale wawili. Maaskofu wa Katoliki, wenye watazamaji karibu 40,000 katika inchi yote, walisema matokeo yale hayapatani na yale waliyoyakusanya wao. Mahakama ya Katiba iliyathibitisha, na tarehe 24 Januari prezida akaapa.

Hatuandiki hapa ili kusema nani alipaswa kushinda. Kura zetu hazikupigwa, na kura isiyopigwa hakuna anayeweza kuihesabu. Ubaya uko hapo hapo: ikiwa hesabu haionekani, kila mutu atafanya hesabu yake kichwani, na hesabu za kichwani hazimalizi ugomvi.

Tuangalie vile mji mmoja ulionyesha hasira yake kwa njia mbili, katika siku nne.

Njia ya kwanza: tarehe 27 Desemba 2018, kule Beni, waandamanaji walivamia kituo walipopokelewa watu wenye kushukiwa Ebola. Vitu viliharibiwa, na wagonjwa waliokuwa wakingojea kupimwa wakakimbia. Walikimbilia wapi? Nyumbani, kwa mama zao na wadogo zao.

Njia ya pili: tarehe 30 Desemba, siku inchi ingine ilipopiga kura, watu wa Beni walifanya uchaguzi wao wenyewe. Walipanga mstari, wakanawa mikono, wakaandika karatasi zao na kuzitia ndani ya sanduku. Hakuna sheria iliyozihesabu kura zile. Lakini zilijibu CENI neno kwa neno. Mlisema Ebola inazuia? Tazameni, tumenawa. Mlisema usalama hakuna? Tazameni mstari wetu.

Kati ya njia hizo mbili, ni ipi iliyoaibisha wakubwa, na ni ipi iliyoumiza majirani? Jibu linajulikana. Lakini ile ya kwanza ndiyo iliyoendelea. Watu wakazidi kusema Ebola ni politike tu, ni kitu cha serikali, ni biashara ya wenye magari makubwa. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha Katwa kikachomwa. Siku tatu baadaye kile cha Butembo kikavamiwa. Tarehe 19 Aprili 2019, Dokta Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya la Dunia, akauawa katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, hapa Butembo, akiwa katika mkutano wa kazi. Alikuja kutusaidia. Hakuwa wa CENI, hakuwa wa chama chochote cha Kongo.

Ugonjwa ule uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 uliisha tarehe 25 Juni 2020. Walioupata walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287. Hatusemi wote walikufa kwa sababu ya politike. Hiyo ingekuwa uongo. Watu walikuwa na sababu zingine za kutoamini: waliona pesa nyingi zikija kwa ugonjwa mmoja, na pesa kidogo sana zikija kwa wale waliochinjwa. Lakini mgonjwa aliyefichwa nyumbani kwa sababu kituo ni "cha wale" aliambukiza watu wake mwenyewe. Virusi haina karti ya chama. Iliingia kwa watu wa upande huu na wa upande ule.

Na wakubwa, walifanya nini? Vyama vya Tshisekedi na vya Joseph Kabila vilifanya kwanza mapatano ya kutawala pamoja. Desemba 2020 mapatano yakavunjika, na ndani ya Bunge kule Kinshasa wabunge wakapigana na kuvunja viti. Corneille Nangaa, yule aliyetuambia tungoje Machi, mwezi wa Desemba 2023 alianzisha kule Nairobi muungano wa AFC, unaoshirikiana na M23, na mwisho wa Januari 2025 M23 wakaingia Goma. Mwenye kusimamia masanduku ya kura amekuwa mkubwa wa wenye bunduki! Na katika uchaguzi wa Desemba 2023 sisi tulipiga kura, lakini Masisi na Rutshuru hawakupiga, kwa sababu ya vita. Ni watu wangapi hapa kwetu walilia kwa ajili yao kama tulivyotaka wengine walie kwa ajili yetu? Mwenye kupenda haki siku ya kwake tu, anapenda upande wake tu.

Msidhani ugonjwa huu ni wa Kongo peke yake. Kule Kenya, kura za Desemba 2007 zilileta mauaji ya watu zaidi ya 1,000, na karibu watu 600,000 walihama nyumba zao. Vitu vingi vinavyouzwa Butembo vinashuka Mombasa, vinapita Kampala na Kasindi. Kumbe jirani akigombana juu ya sanduku la kura, hata petroli ya kwetu inaweza kukwama njiani. Na Marekani, ambayo walimu wanatufundisha kwamba ina demokrasia ya siku nyingi? Mwaka 2020 Joe Biden alipata wajumbe 306, Donald Trump 232. Trump alikataa. Kesi zaidi ya 60 zilipelekwa mahakamani, karibu zote zikashindwa. Tarehe 6 Januari 2021, mwezi mmoja baada ya viti vya Kinshasa kuvunjika, watu wake waliingia kwa nguvu ndani ya jumba la Bunge kule Washington ili kuzuia hesabu. Miaka mine baadaye Trump alishinda, 312 kwa 226, na siku ya kwanza alisamehe karibu watu 1,500 walioshitakiwa kwa ajili ya siku ile. Hata leo huko, wengine wanawaita mashujaa, wengine wanawaita wahalifu. Jeraha halijafunga.

Lakini kule kule kuna jambo moja tunalopenda mlishike. Tarehe 6 Januari 2025, aliyeketi mbele ya Bunge kusimamia hesabu alikuwa Kamala Harris, kwa sababu alikuwa makamu wa prezida. Ndiye aliyeshindwa. Alitangaza mbele ya wote idadi ya mwenzake aliyemshinda, na idadi yake mwenyewe. Si lazima kupenda chama chake. Lakini tuseme wazi, ni nani katika darasa la sita angeweza kufanya vile?

Wazee wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Watawala wanalipenda sana, juu linamnyamazisha aliyeshindwa. Nusu ingine ni hii: asiyekubali kuhesabiwa mbele ya watu, huyo naye si mshindi. Usimwambie mwenzako "kubali tu" kama ulifunga mlango wakati wa kuhesabu. Na wewe uliyeshindwa, hata kama mlango ulifungwa kweli, usichome kisima tunachokunywa sisi wote.

Kwa hiyo tunatoa mashauri haya kwa wanafunzi, kwa walimu, na kwa Bwana Préfet:

1. Kura za darasa la sita zirudiwe, na kuanzia sasa kura zote za madarasa zihesabiwe ubaoni, kwa chaki, mstari mmoja kwa kura moja, darasa lote likiona.

2. Kila orodha iwe na shahidi wake mbele ya ubao. Hesabu ikiisha, aliyeshindwa ndiye asome matokeo kwa sauti. Akikataa, aseme palepale sababu yake, ili isikiwe mchana, isinong'onezwe usiku ndani ya internat.

3. Mwenye malalamiko ayalete kwa maandishi katika siku tatu, na ajibiwe kwa maandishi. Malalamiko yasiyojibiwa hayafi. Yanahamia kwenye telefone, na huko yanazaa uongo.

4. Vitu vingine visiingie katika kura hata kidogo: maji, vitabu, mpira, dawa za infirmerie, na mchango wa kilio mwenzetu akifiwa. Hivi si vya washindi wala vya walioshindwa.

5. Majina ya vyama yasitumiwe tena kama matusi. Mwenzako ana jina lake, alilopewa na wazazi wake.

Wengine wataona mashauri haya ni madogo sana mbele ya Kinshasa na mbele ya bunduki. Tunakubali ni madogo. Ubao wetu hautarudisha kura za 2018, wala hautamrudisha dokta aliyeuawa. Lakini wengi wa darasa la sita tumefika miaka 18, ao tutaifika kabla ya mwaka kuisha. Katika uchaguzi unaokuja tutapanga mstari na karti zetu. Wengine kati yetu watakuwa mashahidi katika vyumba vya kura. Wengine wataketi kwenye meza na kuhesabu. Na pengine mmoja ataketi kule CENI. Mtu hafiki kule na tabia mpya. Anafika na tabia aliyoizoea shuleni.

Wenzetu mlioshinda, fungueni mlango na mtoe vitabu. Wenzetu mlioshindwa, rudini kwenye timu. Bila ninyi tunafungwa kila Jumamosi, na hesabu ile hakuna anayebishana nayo.

Doyen wa wanafunzi,
darasa la 6