Kijibwa kipya kambini? Kwanza chanjo na kamba

Mzazi hupanga lake na watoto wakapanga lao. Likizo ya Agosti ilipoingia, wanangu wawili walikuwa wamekwisha kata shauri: hema la kuazima, sufuria, tochi, na kijibwa chetu kipya, kisha twende tukalale ufuoni Tiwi. Kijibwa chenyewe kilikuwa na majuma 8, nacho kilikuwa kimeingia nyumbani kwetu Ganjoni siku 4 tu. Tulimwita Simba, ingawa alienea ndani ya kikapu cha sokoni. Nikawaambia tutakwenda, lakini Desemba. Walininunia siku nzima.

Sababu yangu ilikuwa chanjo. Mtoto wa mbwa hupata kinga kutoka kwa maziwa ya mamake, nayo hufifia baada ya majuma machache. Hapo ndipo hushikwa na pavo, ugonjwa wa kutapika na kuharisha damu. Virusi vyake huweza kukaa ardhini kwa miezi mingi, hata pale ambapo mbwa mgonjwa haonekani tena. Daktari wa mifugo alimchanja Simba alipokuwa na majuma 8, akamrudia majuma 12, kisha 16. Alipotimiza miezi 3 alidungwa pia sindano ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa mwaka unaofuata.

Sindano hiyo si ya mbwa peke yake, ni ya jamaa nzima. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona. Mtoto akiumwa na mbwa, iwe kambini au mtaani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Somo la pili sikulitoa mimi. Mwisho wa Oktoba, chanjo zikiwa zimekamilika, kijana wangu alitoka mbio na Simba kwenda kumwonyesha mwanafunzi mwenzake aishiye Kibokoni, katika Mji wa Kale. Kamba aliifunga, lakini aliiacha ikiburura. Katika Ndia Kuu, ambapo watu wawili wakipishana na mkokoteni hubanana ukutani, Simba alimrukia mzee mmoja aliyekuwa akienda kuswali adhuhuri, akairamba kanzu yake nyeupe.

Wengi wa Waislamu wa mwambao wetu hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Nguo iliyorambwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mzee yule ilimbidi arudi nyumbani. Kijana wangu alisimama akitetemeka, akingoja kofi. Mzee alimwambia tu: "Mbwa hana kosa, mwanangu. Kosa ni la mwenye kamba."

Jioni ile tulikwenda wote wawili kumtaka radhi. Kuanzia siku ya pili, kila alfajiri Simba alifundishwa kukaa kitako mtu anapopita, na kipande cha nyama ndicho kilichokuwa mshahara wake. Kambini hakuna ukuta wala lango, na si kila jirani wa hema apendaye mbwa. Asiyeweza kumzuia mbwa wake Ganjoni hatamzuia ufuoni.

Watoto walitaka tubadilishe safari twende Shimba Hills. Nikakataa. Mbwa haruhusiwi kuingia katika mbuga za taifa, na pale kuna mbung'o, ambao huambukiza mbwa nagana, maradhi yanayoweza kumuua.

Kambi ya kwanza tuliifanya uani petu. Simba alilia hadi saa sita za usiku, akakojoa hemani mara moja, akatafuna kamba ya hema. Heri hayo yatokee hatua kumi kutoka mlangoni kuliko ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Usiku wa tatu alilala.

Desemba tukaenda Tiwi, baada ya kumwuliza mwenye kiwanja kama mbwa anakubaliwa. Tulichukua maji matamu ya Simba mwenyewe, kwa kuwa mbwa akinywa maji ya bahari hutapika na kuharisha. Mchana tulimweka kivulini: mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, hujipoza kwa kuhema. Mifupa ya kuku aliyepikwa hatukumpa, maana huvunjika vipande vyenye ncha, wala mabaki yenye kitunguu, ambacho ni sumu kwake. Jioni tulimpekua kupe masikioni na katikati ya vidole. Usiku alilala miguuni pa watoto, kamba yake imefungwa kwenye mkono wa kijana wangu.

Tuliporudi tulikutana na yule mzee karibu na Fort Jesus. Kabla sijasema neno, kijana alisogea kando, akaifupisha kamba, na Simba akaketi. Mzee akapita, akageuka, akauliza: "Je, huko kambini alikuwaje?"

Kijana wangu alimsimulia mpaka nikamkumbusha kwamba tunangojwa nyumbani.