Kijiumbe, si Kijidudu

Lugha yetu imewadhulumu viumbe wadogo. Tukisema vijidudu, msikilizaji huwaza kipindupindu. Tukisema vimelea, huwaza kiumbe anyonyaye mwenziwe. Viini navyo havitajwi ila maradhi yafuate. Msamiati huu umetoka zahanati, na huko una haki yake. Lakini nikitaka kumweleza mwanafunzi wa Mbamba Bay habari za bakteria aitwaye Deinococcus radiodurans, asiyemdhuru mtu, kila jina nilishikalo linamtia hatiani.

Aligunduliwa Oregon, Marekani, mwaka 1956, katika nyama ya kopo iliyopigwa mionzi isioze. Ikaoza. Grei 5 za mionzi zaweza kumuua binadamu. Huyu huvumilia 5,000. Si kwamba haumii. Nyuzi zake za urithi hukatika vipande vipande, naye huviunga upya kwa saa chache, kwa kuwa anazo nakala kadhaa za kulinganishia.

Wataalamu wengi huona kwamba ustadi huo ulizaliwa na ukavu, wala si mionzi, maana kukauka nako hukata nyuzi zizo hizo. Hapo Mnyasa ana la kusema. Ufukweni kwetu dagaa huanikwa juani, na kila mama awageuzaye anajua lini wamenyauka tu, lini wamekauka, lini wamekakamaa. Vitenzi vitatu, na somo la sayansi limekwisha kuanza.

Mwaka 2015 Wajapani waliweka madonge makavu ya bakteria huyu nje ya maabara yao katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, yapata kilomita 400 juu yetu. Maabara hiyo huitwa Kibo, yaani tumaini kwa Kijapani (wenye Kibo chetu Kilimanjaro tutabasamu). Miaka mitatu baadaye, katika madonge yenye unene wa nusu milimita au zaidi, wa juu walikuwa wamekufa kwa mionzi ya urujuanimno, na mizoga yao imewakinga wa ndani, nao wakaishi.

Ndugu washairi, mimi nashika neno kijiumbe. Najua wanasarufi watanidai upatanisho wa KI-VI, kijiumbe kimekufa. Nakataa. Hao waliowafia wenzao kule juu nataka kuwasoma katika utenzi, hata wa beti kumi, kwa A-WA.